Kwa nini Manmohan Singh hakuondoka

Kitabu kilikuwa chini kabisa ya rundo, kimebanwa kati ya kamusi isiyo na jalada na mitihani ya zamani ya kidato cha nne. Wauza vitabu vya mitumba wa pembeni mwa Mtaa wa Samora hupanga mali yao juu ya turubai, na bei hutegemea umekishika kitabu kwa muda gani. Hiki nilikishika sana.

"Hicho cha Mwalimu, kaka. Nipe elfu saba."

Nikampa tano. Ilikuwa ripoti ya mwaka 1990 ya Tume ya Kusini, yaani tume ya watu wa nchi zinazoendelea, The Challenge to the South, na dibaji yake imeandikwa na mwenyekiti, Julius K. Nyerere. Nikaanza kusoma majina ya makamishna hapo hapo juani. Michael Manley wa Jamaika. Carlos Andrés Pérez wa Venezuela. Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistani. Halafu, kwa cheo cha Katibu Mkuu: Manmohan Singh.

Yule wa kilemba cha buluu?

Ndiye, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Na kuanzia siku ile jambo hili limenikaa kichwani, naenda nalo kazini narudi nalo. Sote tunamjua Mwalimu aliyeuliza mwaka 1980 tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Sasa katibu wake wa Geneva, mtu aliyesimamia uandishi wa waraka mzito kuliko zote ambazo Mwalimu alizipa uzee wake, alirudi kwao na kabla mwaka haujapita tangu ripoti itoke akawa Waziri wa Fedha. Akashusha thamani ya rupia mara mbili ndani ya siku tatu, akakopa IMF, akafuta vibali vya viwanda. Leo akitajwa, anatajwa kama mtu aliyeifungua India.

Nilitaka kujua ni lini alibadilika.

## Tasnifu

Jibu la kwanza nililolipata lilinivuruga zaidi: hakubadilika.

Habari za utotoni mwake wengi mlizisoma alipofariki Desemba 2024, akiwa na miaka 92. Kijiji cha Gah, ambacho leo kiko Pakistani, kusoma kwa koroboi, bibi aliyemlea baada ya mama kufariki, mgawanyiko wa 1947, kisha Cambridge chini ya Joan Robinson na Nicholas Kaldor. Nayapita hayo. Kilichonisimamisha ni tasnifu yake ya udaktari ya Oxford, ya mwaka 1962, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1964.

Delhi ya wakati ule iliamini kwamba nchi maskini haina cha kutegemea kwenye soko la nje. Bei za chai na juti zinashuka, matajiri wamejifungia, kwa hiyo jenga viwanda vyako nyuma ya ukuta wa ushuru na ujitosheleze. Kijana huyu akapitia mauzo ya nchi yake bidhaa baada ya bidhaa, akasema taratibu, kwa adabu ya msomi, kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa iko nyumbani. India inapoteza masoko kwa sera zake yenyewe.

Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Baada ya hapo akaenda kufanya kazi UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, katika nyumba ya mchumi Raúl Prebisch, yaani makao makuu ya imani ile ile aliyoikosoa. Akarudi kufundisha Delhi. Mwaka 1971 akaingia serikalini kama mshauri wa uchumi katika Wizara ya Biashara ya Nje, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa miaka mingi: Mshauri Mkuu wa Uchumi mwaka 1972, kisha katibu katika Wizara ya Fedha, kisha Tume ya Mipango, kisha Gavana wa Benki Kuu kuanzia 1982, kisha Tume ya Mipango tena, safari hii akiwa naibu mwenyekiti.

Hebu fikirini India ya miaka hiyo ilikuwaje. Kiwanda kilihitaji kibali ili kianzishwe, kibali ili kipanuliwe, kibali ili kiagize mashine. Kikizalisha kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kibali, ni kosa. Waliopanga foleni za sukari kwetu, waliokumbuka kuficha sabuni wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa 1983, hawahitaji maelezo zaidi. Mfumo ule ulikuwa na makatibu, na Singh alikuwa mmoja wa walio juu kabisa. Mafaili yalipita mezani kwake. Aliyasaini.

Anajua kwamba ukuta ni kosa, ameuandikia kitabu, na kila asubuhi anaingia ofisini kuutunza.

## Mtei aliondoka

Hapa Mtanzania hawezi kukwepa kumfikiria Edwin Mtei.

Gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu, Waziri wa Fedha tangu 1977. Baada ya vita vya Kagera hazina ilikuwa tupu, ujumbe wa IMF ukaja na masharti yake, kushusha thamani ya shilingi likiwamo. Mtei aliona tukubali. Mwalimu alikataa katakata. Mwishoni mwa 1979 Mtei akajiuzulu, baadaye akaenda kukaa katika bodi ya huko huko IMF, na mwaka 1992 akaanzisha Chadema. Miaka saba baada ya kuondoka kwake, chini ya Mzee Ruksa, nchi ikatia saini.

Kwa muda mrefu nimemheshimu Mtei kwa hilo, na bado namheshimu. Unaamini kitu, bosi wako haamini, unarudisha funguo. Kwa kipimo hicho Singh anaonekana mdogo.

Nikampigia baba mdogo. Alifanya kazi wizarani mpaka kustaafu, na tangu astaafu hazungumzii kazi mpaka uulize swali la kumuudhi. Nikaamkia, akaitikia, akauliza kama watoto wamefungua shule. Kisha nikamuuliza: mtu anakaaje serikalini karibu miaka 20 akitekeleza sera aliyoiandikia kitabu cha kuipinga?

"Wewe unadhani mtu hukaa ofisini kwa sababu anakubaliana na kila faili lililo mezani?"

Nikanyamaza.

"Ukiondoka, lile faili haliondoki na wewe. Linakwenda kwa aliye chini yako, na wakati mwingine huyo ndiye aliyekuwa akiliombea lije."

Sikuridhika. Kila mtu aliyewahi kuitumikia serikali mbaya anaweza kuyasema maneno hayo, na wengi wameyasema. Singh mwenyewe alipandishwa kuwa katibu katika Wizara ya Fedha mwaka 1976, katikati ya Hali ya Hatari ya Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa wakati huo, wapinzani wakiwa magerezani na magazeti yakipitiwa kabla ya kuchapishwa. Hakuondoka wakati huo pia. Wanaomsifu hupita hapo haraka, na mimi sioni sababu ya kupita haraka.

Ila nilipochimba zaidi nikakuta kitu ambacho sikukitarajia. Huyu mtu alikuwa akijiuzulu, au akitishia kujiuzulu, karibu kila kituo.

## Barua

Mara ya kwanza ni pale pale mwanzoni. Aligongana na waziri wake, Lalit Narayan Mishra, akasema akisukumwa zaidi atarudi chuoni kufundisha. P. N. Haksar, mtu aliyekuwa mkono wa kulia wa Indira Gandhi, akamzuia, akamhamishia Wizara ya Fedha. Kwa cheo kikubwa zaidi.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1983, akiwa Gavana, serikali ilitaka benki ya BCCI ipewe leseni ya kufungua tawi Bombay. Benki Kuu ikapinga. Wakubwa wakaja na dawa: basi Benki Kuu inyang'anywe mamlaka ya kutoa leseni. Singh akapeleka barua ya kujiuzulu. Serikali ikarudi nyuma kwenye hilo la mamlaka, naye akashawishiwa abaki. Tawi BCCI walilipata, lakini leseni za benki zilibaki mikononi mwa Benki Kuu.

(BCCI ilifungwa na wasimamizi wa mabenki wa nchi kadhaa tarehe 5 Julai 1991, uchafu ukiwa umefurika. Siku mbili baada ya Singh kushusha rupia kwa mara ya pili. Sina la kuongeza, nimeliweka tu.)

Ya tatu ilihusu dharau. Rajiv Gandhi, kijana, rubani, mwenye haraka na kompyuta, aliwaita watu wa Tume ya Mipango kundi la wachekeshaji. Mwenyekiti wa Tume hiyo kwa wadhifa wake alikuwa Waziri Mkuu, yaani Rajiv mwenyewe, na naibu wake alikuwa Singh. C. G. Somiah, aliyekuwa katibu wa Tume, amesimulia kwamba Singh alitaka kuondoka, na kwamba yeye ndiye aliyemtuliza: kijana huyu hajui, kazi yako ni kumwelimisha.

Akatulia. Mwaka 1987 akapelekwa Geneva.

Naamini Delhi walimwona ameshamaliza kazi yake. Miaka 54, mpole, msomi, mpeni ofisi yenye mandhari ya ziwa. Na huko ndiko alikomkuta mzee wetu, naye ametoka Ikulu miaka miwili tu kabla.

## Meza ya Geneva

Nilitarajia ripoti ya Tume ya Kusini iwe kilio dhidi ya wakubwa wa dunia. Kilio kimo: madeni, bei za mazao, masharti ya mikopo. Lakini ukisoma kwa utulivu utakuta pia kurasa zinazoikaripia Kusini yenyewe, kuhusu serikali zinazopoteza fedha kwenye silaha, mashirika ya umma yasiyofanya kazi, rushwa, na watu wasioulizwa wanataka nini. Mkazo wake mkubwa ni kwamba maendeleo ya Kusini ni jukumu la Kusini, na yatafanywa na watu wake.

Nani aliandika sentensi zipi, siwezi kusema, na katibu mzuri hahakikishi jina lake lipo. Lakini baada ya kuijua ile tasnifu ya 1962, zile kurasa za kujikosoa nilizisoma kwa sikio jingine.

Kuna jambo jingine kwenye ile orodha ya majina, nalo ndilo lililonigeuza.

Februari 1989, Tume ikiwa katikati ya kazi yake, makamishna wawili walirudi madarakani kwao. Carlos Andrés Pérez aliapishwa Caracas tarehe 2. Manley alishinda uchaguzi Jamaika tarehe 9. Wote wawili walikuwa vigogo wa kuisema IMF. Pérez hakumaliza mwezi: alitangaza mpango wa kubana matumizi wa IMF, nauli za mabasi zikapanda, na tarehe 27 Caracas ikawaka. Jeshi likaingia mitaani, mamia ya watu wakafa. Manley aliyeongoza Jamaika miaka ya sabini kwa siasa ambazo Mwalimu angezitambua kama za nyumbani, safari hii akafungua soko na kuuza mali za umma, kimya kimya.

Kwa hiyo Singh hakujifunza habari za IMF kwenye vitabu tu. Alikaa meza moja na watu waliokuwa wakisalimu amri mmoja baada ya mwingine, na aliona salamu hizo zinaweza kufanywa vibaya kiasi gani. Mwenyekiti wa meza alikuwa mtu aliyekataa kusalimu amri mpaka akaona afadhali ampishe mwingine akaifanye kazi hiyo. Sijui shule nyingine ya namna hiyo.

Tangu hapo niliacha kuuliza ni lini alibadilika.

## Siku tatu za Julai

Alirudi Delhi mwishoni mwa 1990, akawa mshauri wa Waziri Mkuu Chandra Shekhar, kisha akapewa uenyekiti wa tume inayosimamia vyuo vikuu. Tarehe 21 Mei 1991 Rajiv Gandhi akauawa kwenye kampeni. Chama chake cha Congress kikashinda bila wingi wa kutosha, na P. V. Narasimha Rao, mzee aliyekuwa amefungasha mizigo ili astaafu, akawa Waziri Mkuu.

Rao alimtaka kwanza I. G. Patel, gavana mwingine wa zamani. Patel akakataa. Ndipo usiku mjumbe akaenda kumwamsha Singh, ambaye hakulichukulia jambo hilo kwa uzito, na asubuhi akaenda zake ofisini. Rao akampigia simu huko: rudi nyumbani ukavae, uje kuapishwa. Singh alipenda kusimulia na onyo alilopewa na Rao. Mambo yakienda vizuri sote tutajisifu, yakiharibika utafukuzwa wewe.

Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa inatosha kuagiza bidhaa kwa wiki chache tu. Serikali iliyotangulia ilikuwa imeshauza dhahabu Uswisi kwa mkataba wa kuinunua tena. Julai hiyo Benki Kuu ikapakia zaidi ya tani 46 nyingine na kuzirusha kwa ndege mpaka London ziwe rehani ya takriban dola milioni 400. Gari moja la msafara liliharibika njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Bombay, katika nchi ambayo mwanamke huuza bangili zake za harusi pale tu ambapo hakuna kingine kilichobaki ndani.

Tarehe 1 Julai rupia ikashushwa karibu asilimia 9. Hatua ya pili ilipangwa tarehe 3.

Kati ya hatua hizo mbili kelele zilikuwa nyingi, na Rao akaogopa. Asubuhi ya tarehe 3 akamwambia Singh asimamishe hatua ya pili. Singh akampigia simu C. Rangarajan, naibu gavana, pale Bombay. Ilikuwa kama saa tatu na nusu. Tangazo lilikuwa limeshatoka saa tatu. Rangarajan akamjibu kwa lugha ya mafumbo waliyokuwa wamekubaliana: nimesharuka.

Inasemekana Singh alifurahi.

Nimeirudia simu hii mara nyingi kichwani. Kwa mtu wa kawaida ni bahati tu. Lakini mtu aliyekaa serikalini karibu miaka 20 anajua ofisi hufungua saa ngapi, tangazo hutoka saa ngapi, na agizo la mkubwa likichelewa nusu saa linakuwa limechelewa. Sidai kwamba alichelewesha. Nasema tu kwamba alimtii bosi wake kikamilifu, na rupia ikashuka.

## Upweke

Bajeti aliisoma tarehe 24 Julai. Watu hukumbuka mwisho wake, pale alipomtaja Victor Hugo na lile wazo ambalo wakati wake umewadia. Mimi nilibaki mwanzoni. Alianza kwa kusema kwamba anapoinuka analemewa na upweke wa ajabu, kwa sababu anaukosa uso mzuri wenye tabasamu wa Rajiv Gandhi.

Rajiv wa wachekeshaji.

Unafiki? Nilidhani hivyo usiku mmoja mzima. Kesho yake nikaangalia alichofanya na jina hilo. Alikuwa anawaambia wabunge wa Congress kwamba vibali walivyovijenga wao vinafutwa, viwanda vyote isipokuwa aina 18 havihitaji tena ruhusa, ushuru unashuka, ruzuku ya mbolea inapunguzwa. Akayafunika yote hayo kwa Nehru, Indira na Rajiv, ili mtu atakayemrushia jiwe ajue linapita wapi. Wabunge walikasirika hata hivyo. Bei ya mbolea iliyopandishwa asilimia 40 ikabidi irudi mpaka 30, na wakulima wadogo wakanusurishwa. Singh akakubali, akaendelea.

Kama Caracas ilimfundisha chochote, nadhani ni pale kwenye mbolea.

Kuna kisa kimoja cha siku hizo kilichosimuliwa na Ramu Damodaran, aliyekuwa katibu binafsi wa Rao. Singh alikuwa na akiba kidogo kwenye benki ya nje, mshahara wake wa Geneva. Rupia iliposhuka, akiba hiyo kwa hesabu ya rupia ikapanda. Akaenda ofisi ya Waziri Mkuu na bahasha ndogo, ndani yake hundi ya tofauti hiyo, akaomba iingizwe kwenye mfuko wa maafa. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo, wala hakuwaita waandishi wa habari.

Kwa hiyo fedha za Tume ya Mwalimu, kwa njia ndefu na ya kuchekesha kidogo, ziliishia kwenye mfuko wa maafa wa India.

Matokeo mnayajua na mnabishana nayo, kama tunavyobishana sisi kuhusu ruksa. Mwaka wa kwanza uchumi ulikua kwa shida, katikati ya miaka ya tisini ukawa unapita asilimia 7. Kilimo hakikuguswa vya kutosha. Matajiri wapya walizaliwa, wengine kwa jasho, wengine kwa kujuana. Kashfa ya soko la hisa ya Harshad Mehta ililipuka mwaka 1992 chini ya pua yake, na kamati ya Bunge ilipotoa lawama, Singh akatoa tena barua ya kujiuzulu. Rao akaikataa.

## Mtei na Singh, tena

Baada ya wiki nyingi na kitabu hiki nimefika mahali ambapo Mtei na Singh hawashindani tena kichwani mwangu. Mtei alikuwa waziri, na hoja yake ilikuwa moja, na mkubwa wake alishatoa jibu. Kubaki kungekuwa kujificha. Singh kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi, na barua yake alikuwa akiitumia kama mlinzi anavyotumia filimbi, kwa ajili ya mipaka ya ofisi: mamlaka ya Benki Kuu, heshima ya Tume. Kwenye imani yake kubwa, ile ya 1962, hakuipuliza hata mara moja. Alisubiri.

Miaka 29 ni mingi. Katika hiyo miaka kuna watu waliokosa ajira ambayo kibali kiliizuia, na hakuna kaburi lililoandikwa hivyo. Anayesifu subira ya Singh sharti awahesabu na hao. Ila pia sharti aulize: kama angeondoka mwaka 1972 akiwa profesa mwenye maoni makali, Rao angempigia nani simu asubuhi ile? Patel alishakataa.

## Miaka 81

Hadithi ingekuwa nzuri kama ingeishia 1996, serikali ya Rao ilipoondoka. Haikuishia.

Mwaka 2004 Sonia Gandhi, mjane wa Rajiv na mwenyekiti wa Congress, alikataa uwaziri mkuu, akampa yeye. Mtu ambaye hakuwahi kushinda kiti cha jimbo, aliyejaribu mara moja, Delhi Kusini mwaka 1999, akashindwa, sasa anaongoza watu zaidi ya bilioni moja kwa ridhaa ya mwenyekiti wa chama. Yalifanyika mambo makubwa: sheria ya haki ya kupata taarifa, mpango wa kuzihakikishia kaya za vijijini siku 100 za kazi kwa mwaka. Mwaka 2008, kwenye mkataba wa nyuklia na Marekani, alitishia tena kuondoka, na safari hii chama chake kikamfuata, serikali ikaponea kwa kura 275 dhidi ya 256.

Halafu zikaja kashfa za masafa ya simu na vitalu vya makaa ya mawe. Waliomzunguka walikula, yeye hakula, na akanyamaza. Kimya kile kile kilichomfikisha Julai 1991 sasa kilikuwa kinawafunika wengine. Gari lake binafsi lilikuwa Maruti 800, na Asim Arun, aliyekuwa mlinzi wake, amesimulia jinsi mzee alivyokuwa akilitazama na kusema gari langu ni hili, si ile BMW ya serikali. Watu waliisambaza habari hiyo sana alipofariki. Mimi iliniudhi kidogo. Waziri Mkuu anahukumiwa kwa magari ya mawaziri wake.

Septemba 2013 baraza lake lilipitisha amri ya kisheria iliyowakinga wabunge waliotiwa hatiani wasipoteze viti vyao mara moja. Tarehe 27, Singh akiwa Marekani kwa mazungumzo na Rais Obama, Rahul Gandhi aliingia kwenye mkutano wa waandishi wa habari Delhi akasema amri hiyo ni upuuzi mtupu, ichanwe itupwe. Mtoto wa Rajiv huyo.

Montek Singh Ahluwalia, mshirika wake wa miaka mingi, alikuwa kwenye msafara. Ndugu yake Montek alikuwa ameandika makala kali ya kumlaumu Waziri Mkuu, na Montek akaona ni afadhali aipeleke mwenyewe chumbani kwake. Singh akaisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza: unadhani nijiuzulu?

Montek akafikiri, akasema hapana, si sasa. Singh akarudi Delhi, amri ikaondolewa, akakaa mpaka Mei 2014, chama chake kikarudi bungeni na viti 44.

Nadhani Montek alikosea. Mwaka 1983 barua ilikuwa na kitu cha kulinda, na miaka yote ya kusubiri ilikuwa na kitu cha kusubiri. Safari hii hakukuwa na faili lolote mezani ambalo lingeharibika kwa sababu yeye hayupo. Siku moja kabla ya Rahul kusema yale maneno, Singh alikuwa ametimiza miaka 81. Mwenyekiti wake wa Geneva aling'atuka akiwa na 63.